Suti Inayoongea

Fundi alijaliwa wepesi wa mkasi, ila wepesi wa kuuliza hakujaliwa. Karatasi yoyote kubwa ikilala juu ya meza yake ya kukatia, inaamka mkono wa gauni.

Alikaa na mtoto wa dada yake, aliyekuwa akisomea shahada ya uzamili ya historia. Mtaani walimwita Profesa, nusu kwa heshima, nusu kwa kumcheka. Asubuhi hiyo Profesa aliingia kibandani akihema.

"Mama mdogo, gazeti langu la zamani liko wapi?"

"Lile kuukuu, la rangi ya chai?"

"Hilohilo!"

Fundi akatazama ukutani, kwenye misumari alikotundika pateni zake, vile vipande vya karatasi anavyovilaza juu ya kitambaa kabla ya kukata. Profesa akayafuata macho yake. Pale kwenye pateni ya mkono, katika picha ya gazeti, wanawake wa kiwanda cha nguo walisimama mbele ya geti, ngumi juu. Wawili hawakuwa na vichwa.

"Umewakata shingo!"

"Si mimi, mwanangu. Ni kwapa ndilo lililowafikia."

Profesa akakaa chini. Kazi yake yote ilisimama juu ya gazeti hilo. Vitabu vilisema mgomo wa kiwandani ulianzishwa na wanaume. Gazeti lilisema wanawake waliwatangulia kwa siku tatu. Alikuwa amelinakili kwenye daftari, lakini jana mhadhiri anayemsimamia alikataa. "Mwandiko wako si ushahidi. Kesho saa nne nitapita hapo kibandani kwa mama yako mdogo niione tarehe kwa macho yangu. Nisipoiona, sura hiyo tunaifuta na unaanza mwaka mwingine."

Wakateremsha pateni zote. Mkono, mgongo, mfuko, kola. Habari ikarudi mezani kipande kwa kipande, imejaa alama za chaki. Ukakosekana ukingo wa juu tu, mrefu, upana wa vidole viwili. Ndio wenye tarehe.

"Kipande hicho ulikipeleka wapi, mama mdogo?"

"Labda nilikifagia."

Hakukifagia. Fundi yeyote anajua ukanda wa karatasi huishia wapi pale kitambaa cha kukazia kikiisha na mteja ana haraka. Lakini alikuwa na miaka ishirini ya jina zuri, na jina ni kama uzi, likikatika fundo huonekana. Akainama, akajifanya anatafuta chini ya meza.

Saa nne mhadhiri akaingia, kapendeza ndani ya suti mpya aliyoichukua hapohapo wiki iliyopita.

"Fundi, suti yako kila mtu anaisifu. Ila nikikaa, inaongea." Akakaa. *Kwacha!*

"Kitambaa kipya hicho, mwalimu. Kitazoea."

Mhadhiri akasoma vile vipande, akainama hadi pua ikagusa kwapa. "Nzuri sana. Na tarehe?"

Profesa akamwonyesha pale ukingo ulipokosekana.

"Binti yangu, bila tarehe hii ni hadithi tu. Siwezi kusaini." Akafunga kalamu, akainuka. *Kwacha!*

Profesa hakulia. Alianza kukunja vipande kimoja kimoja, taratibu, kama mtu anayekunja nguo za marehemu. Fundi alivumilia mkono, akavumilia mgongo. Ulipofika mfuko, akashindwa.

"Mwalimu, vua suruali."

"Unasemaje, mama?"

"Pazia la kupimia lile pale. Tarehe umeivaa."

Suruali ikapitishwa juu ya pazia. Chini zikabaki soksi mbili zenye mashaka. Fundi akaufumua mkanda wa kiuno, akauvuta polepole ule ukingo alioushonea ndani badala ya kitambaa cha kukazia. Jina la gazeti, siku, mwezi, mwaka, vyote vizima. Siku tatu kabla ya wanaume.

Mkono ukatoka paziani ukaupokea. "Kumbe wiki nzima nimezunguka na ushahidi kiunoni!"

"Na mimi wiki nzima nimekudanganya, mwalimu. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Binti, lete kalamu na karatasi zako."

"Na chanzo nitaandika kilipatikana wapi?"

"Andika ukweli," pazia likajibu. "Lakini usitaje kiuno cha nani. Fundi, nishonee haraka, nina darasa saa tano!"

Profesa akaziweka karatasi zilizosainiwa mezani, akashusha pumzi. Fundi akaugeuza ule mkanda mtupu, uliolegea kama ulimi. Kitambaa cha kukazia bado hakikuwepo, na mteja ana haraka. Mkono wake ukaanza kupapasa meza wenyewe, ukitafuta kitu kigumu kidogo.

"Mama mdogo," Profesa akasema, akiukalia mkasi, "hata usithubutu."