Majivu ya Alois

Hakuna nyumba pale mjini ambayo Walburga hakuwahi kuiosha maiti yake, na hakuna iliyowahi kumwalika harusini. Walimpa kahawa jikoni, wakamshukuru, na akishatoka tu wakakisugua kiti alichokalia. Watu wa ajabu wale.

Alikuwa na mwana mmoja, Alois, mwenye kifafa, mtu mzima wa miaka ishirini na sita aliyemchekesha mama yake hata siku za njaa. Vita vilipoingia mwaka wa pili, basi la kijivu la serikali, lililokusanya wagonjwa wa aina yake, lilimchukua kwenda hospitali. Februari ikaja barua: Alois amefariki kwa kidole tumbo, maiti imechomwa kuzuia maambukizi. Baada yake likaja kopo la majivu.

Walburga aliisoma mara tatu. Alois alikatwa kidole tumbo akiwa na miaka kumi na miwili, na kidonda hicho Walburga alikisafisha kwa mikono yake.

Akampelekea barua Zenta, mke wa mwokaji mikate, jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Zenta aliisoma, akafunga dirisha kwanza.

"Wamemuua," Walburga alisema.

"Dada, funga huo mdomo. Watu wamepotea kwa maneno madogo kuliko hayo."

Desturi ya pale ni kwamba mama haoshi mwanawe, jirani ndiye humwosha, na aliyeosha husimama kaburini akatamka mbele ya wote kwamba marehemu ni yeye kweli na amekwenda salama. Bila maneno hayo padre hafukii. Walburga alikuwa ameyasema kwa nusu ya makaburi yale, na hakuwahi kusema uongo hata mara moja.

Siku ya maziko walikuja watu saba, wa nane akiwa askari na daftari lake la kuandika yatakayosemwa. Padre akauliza, macho chini, nani amemwosha marehemu. Walburga akapiga moyo konde, akasogea mbele. Alikusudia kusema kwamba hakuna aliyemwosha, na kwamba hajui ndani ya kopo lile ni majivu ya nani.

Zenta akamshika mkono.

"Nimemwosha mimi," alisema. "Ni yeye. Amekwenda salama."

Askari akafunga daftari. Walburga alitaka kupiga kelele, lakini mkono ule ulikuwa wa joto, na miaka mingi ilikuwa imepita bila mtu wa mji ule kumgusa. Alimchukia Zenta, na hakuwa na nguvu ya kujitoa. Akanyamaza, na Alois akafukiwa na uongo ule.