Kumi za Kumwaga

Katika wilaya nzima ya Kustavi, pwani ya kaskazini yenye barafu, alitamba Armas Vainionpää, hajazaliwa wa kumpunja kipimo. Mwonyeshe rundo la kuni alitazame kwa jicho moja, tena huku anapiga chafya, atakutajia ujazo wake. Tepu aliwaachia wenye macho mabovu.

Basi ilikuwaje banda la kuni la dada yake Helka, kule kisiwani, libaki na pengo ambalo ng'ombe angelala na kujinyoosha?

Banda lenyewe lilikuwa la mita kumi za ujazo. Armas alimwagizia Helka kumi kwa Taisto, rafiki yake tangu utotoni, mwenye msumeno, tela na boti. Wakazivusha pamoja, wakazipanga kipande juu ya kipande mpaka migongo ikawauma. Kuni zikaisha, theluthi ya banda ikabaki tupu. Na barafu ilishaanza kushika ukingoni. Wiki hii hii Taisto angepandisha boti nchi kavu, na hapakuwa na boti nyingine ya kubeba kuni.

"Hewa haiwaki," Armas alisema.

Taisto alikuwa ameketi kwenye gogo la kupasulia, anavua glavu. "Nimeleta ulichoagiza."

"Niliagiza kumi."

"Na kumi zimekuja. Zikirushwa ovyo kwenye tela zinaachiana nafasi, ukizipanga zinabanana. Kumi za kumwaga ni sita na ushee za kupanga. Hata paka wa hapa wanajua, Armas."

Armas alilinyooshea kidole lile pengo. "Mtu nimempa ufunguo wa sauna yangu. Anamfungia dada yangu hewa, anaiita kuni."

"Ningetaka kukuibia, ningeanza na hiyo sauna."

"Usinichekeshe. Umenisaliti, Taisto. Afadhali ungekuwa mgeni."

Taisto aliacha kutabasamu. "Kwenye simu nilikuuliza nini?"

"Hukuniuliza kitu."

Taisto alimtazama kama anayesoma kibao cha njia iliyofungwa. Akavaa glavu tena, akateremka kuelekea gatini. Bila kahawa. Kwao mtu huweza kutukanwa, akagombana, akanyang'anywa hata mbwa, lakini kahawa huinywa kwanza.

Helka akatoka na birika na vikombe vitatu. "Taisto yuko wapi?"

"Ameenda zake, na aende. Amekupunja, dada. Kakuletea za kumwaga." Uchungu wake ulikuwa wa kweli kabisa. "Rafiki wa maisha. Kilichomshinda ni nini kuniuliza tu, za kumwaga au za kupanga?"

"Alikuuliza."

"Nani kakudanganya?"

"Ulikuwa jikoni kwangu, mikono imejaa magamba ya samaki, ukaniambia nikuwekee simu kwenye spika. Taisto akauliza, za kumwaga au za kupanga? Ukanyamaza kidogo, ukacheka. Ukasema, 'Za kumwaga, bwana, mimi si mtoto.'" Helka aliweka vikombe juu ya gogo. "Nikajua unajua maana yake."

Armas alilitazama lile pengo, kwa macho yote mawili safari hii.

Kule gatini injini ilikohoa, ikashika.

"Na wewe, kaka," Helka aliuliza, "ulikuja kwa boti ya nani?"