Uzi wa Kumzuia Wifi

Ukumbi wa kushonea ulikuwa mrefu, wenye madirisha ya juu yasiyofunguka na paa la bati. Nyuma kabisa upepo ulikuwa umeng'oa bati moja, na kila mvua iliponyesha mfagiaji alikuja na ndoo yake, akaitega palepale, akaenda zake. Chini ya tundu hilo walikaa mawifi wawili, cherehani kwa cherehani. Mmoja alishona kola, mwingine vifungo. Mshona kola alikuwa ameolewa na kaka wa mshona vifungo, na wote watatu waliishi nyumba moja pamoja na mama mkwe wa mshona kola, mama yao hao ndugu wawili. Mawifi hao walikuja kazini pamoja, walikula pamoja, na hata waliponuniana walinuniana wakiwa wamekaa benchi moja.

Kiwanda kilishona sare za wauguzi, za wanafunzi na za walinzi. Vitambaa viligawiwa kila asubuhi mezani. Uzi haukugawiwa. Uzi ulikaa stoo, na ufunguo wa stoo ulikaa mfukoni mwa msimamizi. Aliyeishiwa uzi alikwenda mwenyewe, akabisha hodi, na msimamizi akamwambia aingie na afunge mlango, vumbi lisiingie. Vumbi hilo lilitoka wapi, Mungu anajua, maana kiwanda kizima kilikuwa vumbi tupu. Mwanamke akitoka humo alitoka na uzi mkononi na macho yamegandia sakafuni, na wenzake walijitia hamnazo, kila mmoja akakazana na pindo lake.

Ndiyo sababu wanawake wa kiwanda kile walikuwa wachoyo wa uzi kupita kiasi. Waliokota vipande chini ya meza, hata vya urefu wa kidole, wakaviunga fundo kwa fundo na kuvificha kwenye mikebe chini ya viti. Mafundo yalikwama kwenye mashine, sindano zikakatika, sare zikatoka na vinundu begani. Meneja alishika koti lenye vinundu, akalitazama kwa masikitiko, akasema wanawake wa siku hizi hawajui kushona.

Jumatatu moja, kwenye mkutano wa asubuhi, meneja aliuliza kama kuna mwenye la kusema. Aliuliza hivyo kila Jumatatu, na kila Jumatatu alikuwa amekwisha kugeuka kurudi ofisini kabla hajamaliza kuuliza.

"Lipo," alisema mshona vifungo.

Meneja akageuka.

"Uzi utolewe stoo, uwekwe mezani kama vitambaa. Na huyu bwana aondolewe," akamwonyesha msimamizi kwa mkasi. "Kanishika humo ndani bila ridhaa yangu, na si mimi peke yangu. Mnajua. Hata wewe meneja unajua, basi tu."

Mashine zote zilikuwa zimezimwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema hakusikia. Msimamizi alikuwa akimenya chungwa. Hakuacha.

Meneja akakuna kidevu. "Hilo zito, mama. Lakini neno la mtu mmoja ni neno la mtu mmoja. Kamati itakaa Ijumaa, hapahapa, mbele ya wote. Mlete mtu wa pili. Usipompata, tutajua ni hasira zako."

Mshona kola aliinamia kola yake. Sindano ikamtoboa kidole. Yeye alikuwa ameingia stoo mara nyingi kuliko wifi yake, kwa sababu kola hula uzi mwingi, na hakuwahi kumwambia mtu. Mara moja tu alikaribia. Walikuwa mezani nyumbani, na habari za mwanamke mmoja wa kiwanda kingine zikatajwa, na mumewe akasema huku anatafuna, "Na yeye alifuata nini humo ndani?" Mshona kola akamwongezea mchuzi, na maneno yakarudi yalikotoka.

Mchana ule, bombani, mshona mifuko alimsogelea mshona vifungo akijifanya anasuuza kikombe. Akamnong'oneza, "Asante dada. Umetusemea."

Mshona vifungo akainuka juu ya sakafu, kimo cha soli ya kiatu.

"Umeona?" alimwambia wifi yake. "Sakafu imeniacha."

"Nimeona," alisema mshona kola. "Angalia usimwage maji."

Baada yake akaja mpiga pasi, naye akashukuru kwa sauti ya chini, akitazama kando. Akaja mkata vitambaa, ambaye alimshika mkono na machozi yakamlengalenga, akasema hajui amlipe nini. Kila asante ilimpandisha kidogo. Kengele ya kurudi kazini ilipolia, miguu yake haikufika kwenye pedali. Fundi mitambo alikuja akapima, akatingisha kichwa, akafunga kipande cha mbao juu ya pedali kwa waya. Alisema mbao hiyo itafaa mpaka Jumatano, kwa jinsi watu wanavyoshukuru.

"Sitaki asante," mshona vifungo aliwaambia wote waliomjia. Alisema kwa upole kwanza, kisha kwa ukali. "Nataka mtu wa pili. Mmoja tu. Asimame tu aseme na mimi pia, basi akae."

Walimwelewa sana. Walisema ni kweli, anachosema ni haki kabisa, na Mungu amzidishie. Halafu wakamshukuru kwa kuwaelewa.

Jumatano mbao haikutosha tena. Kukatolewa tangazo kwamba kwa sababu za usalama wafanyakazi wote wanatakiwa kukanyaga sakafu saa za kazi, na mshona vifungo akakatwa posho. Nyumbani mama yake alimpakatisha pasi ya mkaa ili akae mezani ale kama watu. Kaka yake alimtazama akiyumbayumba juu ya kiti, uso umemkunjamana.

"Wewe umejianika, sawa. Shingo yako ngumu tangu utoto," alisema. "Lakini mke wangu usimwanike. Nasikia unatafuta mwenzako."

"Sijamtaja mtu."

"Usimtaje."

Mshona kola alikuwa anaosha sahani, mgongo umewaelekea. Wifi yake alimtazama mgongo ule kwa muda mrefu, na mshona kola aliuhisi mtazamo ule kama mtu anavyohisi jua. Alitaka kugeuka. Alimpenda wifi yake kuliko alivyowahi kuwapenda dada zake wa damu; ndiye aliyemfundisha kushona, ndiye aliyemkinga na hasira za mama mkwe mwaka wa kwanza wa ndoa. Aliosha sahani moja mara tatu.

Walipokuwa peke yao uani wakianua nguo, mshona vifungo alishika kamba ya nguo asiende juu, akasema, "Wifi, mimi najua."

"Unajua nini?"

"Nakaa karibu na wewe. Najua unavyotoka humo."

Mshona kola alikunja shuka, akaikunjua, akaikunja tena. "Kaka yako atanirudisha kwetu."

"Labda."

"Na watoto atabaki nao."

Mshona vifungo akaianua shuka ya mwisho kwa mkono mmoja. Akasema tu, "Ijumaa nitamwangalia kila mtu. Sitakuangalia wewe peke yako."

Ijumaa kamati ilikaa nyuma ya meza iliyotandikwa kitambaa cha sare za wauguzi. Kulikuwa na meneja, mtu wa ofisi kuu aliyekuja na chupa yake ya maji, na msimamizi mwenyewe, kwa kuwa ndiye katibu wa kamati siku zote. Wafanyakazi walikaa kwenye mashine zao. Mshona vifungo alikuwa kimo cha dirisha. Wifi yake alikuwa amechukua uzi wa mikebe ya safu yao, ule wa kuokoteza, akaufunga kifundoni mwa mguu wa mshona vifungo, kisha akauzungusha kwenye cherehani ya vifungo na uliobaki akauacha mkebeni, ili ashuhudie kesi yake mwenyewe akiwa humo ndani.

Alisema yote upya. Alisema vizuri, bila kupaza sauti, na kutoka kule juu kila mtu alimsikia. Msimamizi aliandika. Mtu wa ofisi kuu alikunywa maji, akasema ameguswa.

"Kuna mwingine?" aliuliza meneja.

Mshona vifungo akaangalia safu ya mbele, kisha ya kati. Mkata vitambaa aliinama kutafuta kitu chini ya meza ambacho hakikuwepo. Mpiga pasi alikuwa analia waziwazi, na hakusimama. Macho yakafika safu ya nyuma, yakampita mshona kola haraka, kama alivyoahidi.

Ni kule kupitwa haraka kulikomshinda. Mshona kola alijikuta amesimama. Kiti kilianguka nyuma yake. Ukumbi mzima uligeuka, na msimamizi akainua kalamu, akamtazama kwa utulivu, na mfukoni mwake funguo zikalia kidogo. Mshona kola alikuwa na maneno mawili tu ya kusema, na alikuwa nayo mdomoni tayari. Akamwona mumewe anatafuna. Akawaona watoto wake wamesimama mlangoni mwa nyumba asiyoruhusiwa kuingia. Kilichotoka kikawa kingine.

"Asante, wifi," alisema.

Wenzake wakashusha pumzi. Hilo hata wao waliliweza. Wakasimama wote, safu kwa safu, na kwa mara ya kwanza wakalisema kwa sauti kubwa, kwa mapenzi ya kweli, wengine wanapiga makofi, wengine wanapiga vigelegele. Asante dada. Asante mama. Umetusemea. Hatutakusahau. Meneja naye akasimama, akasema kiwanda kinajivunia kuwa na wanawake wenye uthubutu, na anamshukuru kwa niaba ya uongozi. Mtu wa ofisi kuu akashukuru. Mwisho msimamizi aliweka kalamu chini, akafuta vidole kwa leso, akashukuru pia.

Mshona vifungo alikuwa akipiga kelele, "Acheni! Acheni!" lakini makofi yalikuwa mengi. Alipita kwenye tundu la bati, wima, na kiatu kimoja kikamvuka kikaangukia kwenye ndoo ya mfagiaji. Uzi ukakimbia nyuma yake ukitoka mkebeni, fundo baada ya fundo, mpaka mshona kola alipoudaka kwa mikono yote miwili. Ulimkata viganja. Akauzungusha kwenye mguu wa cherehani, ukakaza, ukashika.

Kamati ilisubiri kidogo, kisha ikafunga shauri kwa kuwa mlalamikaji hayupo. Ikapendekeza pia bati lizibwe, lakini bajeti haikuruhusu.

Baada ya hapo mambo yakawa ya kawaida. Mshona vifungo alikaa juu ya paa, hewani, na wifi yake alimpandishia chakula na chai kwa kikapu kilichofungwa kwenye kamba ya nguo. Akitaka kitu alivuta uzi. Siku za mwanzo alisikika anaongea kule juu, maneno yaleyale, stoo na uzi na mtu wa pili. Mume wa mshona kola alisema dada yake hakuwahi kusikiliza la mtu, akauza kitanda chake. Watu wa ofisi kuu walileta wageni, wakawaonyesha tundu, na wageni walishukuru kwa lugha zao.

Wanawake nao walimshukuru. Kila asubuhi, wakiingia, walitazama juu na kusema asante, kwa sababu walimwonea uchungu na hawakujua la kufanya lingine, na kila asubuhi ilibidi uzi uongezwe. Mshona kola aliwasihi waache. Waliahidi, na kesho yake mtu akasahau. Sauti ya juu ikawa ndogo, halafu kukabaki kule kuvutavuta tu. Kamba ya nguo ikawa haifiki, kikapu kikabaki kinaning'inia, na chakula kikashushwa kimepoa, bila kuguswa. Mikebe ya safu ya nyuma ikaisha, wakachanga ya safu ya kati, ikaisha, na ya mbele nayo. Sakafu ikawa safi kuliko wakati mwingine wowote, hakuna hata kipande cha urefu wa kidole.

Asubuhi moja wote walikwisha kuingia na kukaa, na uzi ulikuwa umekaza mpaka unalia, ukikata rangi ya cherehani. Mshona kola aliufungua kwenye mguu wa cherehani, akauzungusha kiganjani, akauhisi ukimvuta yeye mzima. Hakukuwa na cha kuunga. Aliwatazama wenzake mmojammoja, na mmojammoja wakaangalia pindo zao.

"Nishikie," alimwambia mshona mifuko, akamkabidhi.

Akavuka ukumbi, akabisha hodi.

"Ingia," alisema msimamizi. "Funga mlango, vumbi."

Mashine ziliendelea. Mshona mifuko alishikilia uzi kwa mikono miwili, akiangalia tundu ambamo hakuonekana mtu, bali anga tu. Baada ya muda mlango ukafunguka. Mshona kola alitoka na uzi mpya, mwingi, usio na fundo hata moja. Alitembea polepole katikati ya safu, macho sakafuni, akafika, akaunga uzi mpya na wa zamani, akavuta mara mbili ili wifi ajue bado yupo. Kule juu hakukuvutwa.

Mshona mifuko akamwinamia sikioni. "Asante dada," alimnong'oneza, na alimaanisha.

Mshona kola aliitazama miguu yake. Ilikuwa palepale sakafuni, soli nzima, haikuinuka hata unywele. Akakaa, akachukua kola, akaanza kushona.