Mgonjwa Aliyenyamaza

Coleta alikuwa muuguzi wa kitengo cha kusafisha damu katika hospitali moja mjini Sumbawanga. Wagonjwa wake wa figo walimpenda kwa sababu mkono wake ulikuwa mwepesi kwenye sindano. Mdomo wake nao ulikuwa mwepesi, na huo waliuogopa.

Asubuhi moja ya baridi aliingia Mzee Lazaro, mkulima wa mahindi na ulezi kutoka kijiji kilicho jirani na Namanyere. Uso ulikuwa umevimba, na viatu amevishika mkononi kwa kuwa miguu haikuingia. Alipopanda kwenye mizani, Coleta akaguna.

"Mzee, umekunywa maji tena?"

"Nimekunywa, nesi."

"Nimekukataza mara ngapi? Figo zako hazitoi maji, yatajaa kwenye mapafu! Sisi tunahangaika hapa, wewe unakwenda kujimaliza nyumbani. Mtu mzima mzima unashindwa na kikombe?"

Wagonjwa waliokwisha kuunganishwa kwenye mashine waligeuzia nyuso ukutani. Mzee Lazaro alifungua mdomo, akaufunga. Alilala, akanyoosha mkono achomwe, na mpaka anaondoka hakusema neno.

Siku yake iliyofuata hakuja. Coleta akajiambia mzee amenuna, atarudi mwenyewe. Alijua kwamba mgonjwa asipotokea ni kazi yake kumpigia simu, lakini hakupiga. Kitanda kilipokaa kitupu kwa mara nyingine, muuguzi mwenzake, Jenifa, akauliza, "Baba wa Namanyere yuko wapi?" Ndipo Coleta alipopiga.

Alipokea mke wa mzee, Mama Rosina.

"Haji tena," alisema. "Hataki kusemwa kama mtoto mbele za watu."

"Mama, naomba niongee naye."

"Hata pumzi ya kuongea hana. Siku ile alitoka kumzika Rosina wetu, kule bondeni Mtowisa alikoolewa. Uzazi umemchukua. Joto la huko unalijua. Baba yake alikuwa analia, anakunywa maji, analia tena. Kutoka msibani akaja kwako moja kwa moja. Hukumuuliza."

Simu ilikatika.  Coleta akaenda kwa msimamizi wa kitengo, akasimama mlangoni.

"Mzee Lazaro ameacha kuja kwa sababu yangu," alisema. "Nilimtukana. Naomba ruhusa nikamfuate."

Alipanda basi la Namanyere, kisha bodaboda mpaka kijijini. Alimkuta mzee ameketi akiegemea ukuta, mito mgongoni, maana akilala pumzi ilimkata. Mama Rosina alimfungulia mlango bila kumkaribisha kiti. Coleta akapiga magoti sakafuni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, nesi. Umekuja... mbali hivi?"

"Pole kwa msiba, baba. Nisamehe. Nilikusema bila kukuuliza yaliyokupata."

Mzee alivuta pumzi kwa shida. "Sikukasirika. Niliona aibu tu."

Coleta alitamani angekasirika. Alipiga simu kituo cha afya, gari la wagonjwa likaja, na njia nzima hadi Sumbawanga alimshikilia mzee mabegani ili asilale chini. Mama Rosina alikaa upande wa pili, macho dirishani. Walipofika kwenye mashine, ndipo alipofungua kinywa.

"Amchome mwingine."

Coleta akamkabidhi Jenifa sindano, akarudi nyuma. 

Mzee Lazaro alipona dhoruba ile, ila moyo ulikuwa umechoka. Daktari alimkataza jembe, na mashamba yake sasa yanalimwa na ndugu. Anakuja kusafishwa damu bila kukosa, mkewe akiwa ubavuni. Siku hizi mzee anamruhusu Coleta amchome, na Mama Rosina anaitikia salamu, basi.

Coleta humwuliza mzee habari za nyumbani kwanza, naye hujibu kwa upole. Lakini kila afikapo, kabla hajaulizwa habari ya maji, mzee yule mwenye mvi hujinyoosha mbele yake na kusema haraka haraka, "Nesi, maji nimekunywa kidogo tu. Muulize mama." Halafu humtazama usoni, akingoja.

"Sawa, baba," Coleta hujibu, na kuinama kutafuta mshipa, asiweze kuyatazama macho yale.