Kamera Kubwa ya Mama Ritha

Ignas alizipanga kamera zote mbili juu ya kaunta, akarudi nyuma, akakunja mikono. Duka lake liko Kahama mjini, nyuma ya stendi. Anauza chaja, redio na vitu ambavyo watu wa Mwanza wameshavitumia wakavichoka. Siku hiyo Salome alikuwa amepokea zamu yake ya mchezo, ile hela ya kuchangiana na wenzake, akaja na mumewe Enock kununua kamera. Moja tu, maana mchezo haurudi mpaka mwakani, na ya mwakani nani anayajua?

Ya kwanza ilikuwa kubwa, zile za lenzi ya kuchomoa na kubadilisha. Ilikuwa ya zamani, na hata enzi zake ilitengenezewa watu wanaoanza kujifunza. Raba ya kushikia ilikuwa imeanza kubanduka na flashi yake ilishakufa, Ignas mwenyewe alisema bila kuficha. Lakini ilikuja na lenzi mbili, begi, na mkanda mpana wa kuvaa shingoni. Ya pili ilikuwa mpya, ndogo ya kuingia mfukoni, lenzi yake inatoka na kurudi ndani kama kichwa cha kobe.

Salome hakuwa mgeni wa kazi hiyo. Kabla hajaolewa alikaa miaka kwenye studio ya picha za pasipoti pale Nyahanga. Anapiga yeye, anasafisha yeye, na jina kwenye bahasha ni la mwenye studio. Basi hakupoteza muda kushangaa ukubwa.

"Kaka Ignas, funga mlango. Zima taa, usimame pale kwenye pembe."

Akampiga picha kwa kubwa, akampiga kwa ndogo. Kwenye kubwa Ignas alitoka na chengachenga uso mzima, utadhani amemwagiwa pumba. Kwenye ndogo alitoka yeye mwenyewe, mpaka jasho la juu ya mdomo linahesabika. Salome alirudia tena na tena, akibadilisha lenzi, akizungusha namba za mwanga. Kubwa ilikuja kukubali kidogo kwa ile lenzi fupi, tena kwa kubembelezwa. Ndogo haikutaka kubembelezwa.

"Hii," akasema, na macho yake yaling'aa.

Enock akacheka. Alikuwa mtu wa kucheka, mrefu, sura ya kupendeza, mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya barabara. Zamani alikuwa akipakia mizigo Isaka, kwenye bandari kavu, mpaka wakaacha kumwita. "Mama Ritha, hicho ni kiberiti. Uende kwenye harusi ya watu na kiberiti? Watakuuliza kadi ya mwaliko."

Na hapo, jamani, alisema kweli. Mwezi uliotangulia tu Salome alipewa kazi ya sendofu moja ya Isaka, sherehe ya kumuaga bi harusi, akaenda na kamera ndogo ya kuazima. Alipiga tangu mchana, hajakaa, hajanywa hata soda. Jioni mwenyekiti wa kamati, mama mmoja anaitwa Serafina, akamshika bega kwa upole: "Ng'wanawane, mwanangu, huyu mpiga picha mwenyewe anafika saa ngapi?" Salome aliijibu aibu ile kwa kucheka, lakini ilimkaa kooni kama mwiba wa sato.

Akamgeukia Ignas. "Wewe ungechukua ipi?"

"Kwa picha, ndogo," Ignas akasema. "Kwa kuitwa kazini, kubwa. Watu wetu unawajua."

Akachukua kubwa. Mimi simlaumu, na wewe usimlaumu. Kitu alichokuwa anakitafuta kilikuwa kimoja tu: apite Kahama watu waseme yule pale ndiye mpiga picha. Basi. Wengine wanataka nyumba, wengine wanataka gari. Yeye alitaka kazi ya mkono wake iitwe ya mkono wake. Akaona kubwa ndiyo itakayomsemea.

Kazi ya kwanza ilikuwa harusi. Enock akamwambia, "Nikusaidie kubeba, mzigo wenyewe huo," na mkanda ukaingia shingoni mwake. Ulimkaa! Kama alizaliwa nao. Hawajavuka hata mlango wa ukumbi, emsii akaita kwenye spika, "Kamera mani, karibu huku mbele!" Enock akainua mkono. Salome akamvua mkanda, akapiga picha za maharusi wakiingia, na kila aliposimama mahali pazuri mtu alimsogeza. Dada, tunaomba umpishe kamera mani. Dada, hapo ni pa kamati. Ilipofika keki, kamati ikatoa amri: kaka apige, dada ashike ile taa waliyokuja nayo. Enock akamtazama mkewe, akatazama kamati, akapokea kamera.

Picha zilitoka nzuri. Zingekosaje, wakati Salome alikuwa ameshaweka kila namba mahali pake, akashika taa kwa pembe anayoitaka, na akawa anamnong'oneza mumewe, "Sasa. Subiri. Sasa"? Kazi ya Enock ilikuwa kubonyeza. Hata mbuzi ukimfundisha angebonyeza.

Walipofika nyumbani Salome alisema. "Baba Ritha, kwa nini hukuwaambia?"

"Niwaambie nini?"

"Kwamba mimi ndiye ninayepiga."

"Aa, mke wangu. Si chungu ni kimoja? Wewe ukila na mimi nikila, nani ana haja ya kujua nani amepika?"

Maneno mazuri, tena yalisemwa kwa mahaba. Ndiyo ubaya wa Enock, hakuwa na ubaya. Angekuwa mtu wa kupiga au kulewa Salome angejua pa kushika. Lakini mtu anacheka, anamletea mtoto pipi, anafua hata nguo zake mwenyewe, huku anakula jina lako kidogokidogo, utamshitaki kwa nani? Mama mkwe akamwambia ashukuru mumewe amepata shughuli. Rafiki zake wa mchezo wakamwambia mwanamume akikaa bure ni balaa, mwache abebe.

Akaacha abebe. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: baada ya kazi tatu nne Enock akachapisha fulana nyeusi, mgongoni imeandikwa ENOCK PICHA, na namba ya simu ikawa yake. Salome ndiye aliyekuwa anaipiga pasi, kwa ndani, maandishi yasiungue. Roho ilimuuma. Nasema ilimuuma, siyo alikasirika, hasira ingepoa.

Ndipo ikaja simu ya Rwamgasa. Aliyepiga alikuwa Chacha, mtu wa Tarime aliyehamia machimboni akiwa kijana, sasa ana duara lake, shimo la dhahabu, na vijana wa kutosha wanaomchimbia. Mama yake mzazi, Bibi Mariana, amekuja kumtembelea kwa mara ya kwanza, na mwanawe anataka kumfanyia shukrani: ng'ombe, turubai, kwaya, watu wote. Alimwona kwenye harusi moja yule kaka wa kamera kubwa. Anamtaka yeye.

"Tunaondoka lini?" Salome akauliza.

Enock akajikuna shingo. "Mama Ritha, machimboni kule… Wewe unakujua. Si mahali pa mwanamke. Na mtoto je, shule?"

"Taa atashika nani?"

"Vijana wapo."

Kawaida, kabla ya kila kazi, Salome aliichukua kamera, akafuta lenzi, akavalisha ile fupi inayokunywa mwanga, akapanga namba kulingana na saa na mahali. Safari hii alikunja kanga yake akakaa mlangoni kuchambua mchele. Kazi ya mwisho ilikuwa ubatizo, nje ya kanisa, jua la utosi. Namba zilikuwa palepale zilipoachwa, kwenye jua la utosi.

"Umeshaniwekea mambo sawa?" Enock akauliza, begi tayari begani.

"Imo kwenye begi kama ilivyokuwa."

Hakuharibu kitu. Hakuna mtu anayeweza kusema aliharibu. Lakini alijua shukrani za watu hazianzi mpaka jua limekaribia kuzama, alijua chini ya turubai kuna giza hata mchana, na alijua mumewe hajui kidude kipi kinazungushwa. Aliyajua yote hayo, akaendelea kuchambua mchele, na moyoni akasema: leo watanijua.

Enock alirudi na paja la ng'ombe na hadithi. Jinsi alivyopokewa! Jinsi Chacha alivyomkalisha meza kuu! Bibi Mariana alimshika mkono akamuuliza, "Mwanangu, nitoke vizuri?" naye akamjibu, "Bibi, utatoka kama bi harusi." Akawasha kamera amwonyeshe mkewe.

Giza. Akasogeza mbele, giza. Palikuwa na taa moja ya jenereta kama nyota, pembeni kipande cha kitambaa cheupe, na katikati, mahali pa uso, hakuna uso.

"Niliona zimefifia," Enock akasema, "lakini si huwa unazisafisha? Nikasema utazisafisha."

Nitasema lililo kweli: kitu cha kwanza alichosikia Salome kilikuwa furaha. Ilimpanda mpaka masikioni, tamu kabisa. Haikukaa. Alipeleka kadi ya kamera kwenye stesheneri wanakomruhusu kutumia kompyuta, akakaa siku nzima akivuta mwanga kutoka mahali ambapo hapakuwa na mwanga. Alichokipata kilikuwa chengachenga. Akapata meno mawili matatu, na pindo la kilemba. Bibi alikuwa anacheka, hilo lilionekana, bibi wa watu alikuwa amekaa mbele ya kamera anacheka kwa nguvu zake zote. Salome aliona haya akiwa peke yake mbele ya kioo cha kompyuta.

"Mpigie Chacha, umwambie kabla bibi hajaondoka," akamwambia mumewe. "Nitakwenda mwenyewe nimpige tena. Hata leo. Bila hela."

"Nitampigia."

Hakumpigia. Chacha alipopiga yeye, Enock alijibu kwa ile sauti yake ya kuita watu: zinasafishwa, kaka, kazi nzuri haina haraka. Akapiga tena, akaambiwa umeme ulikatika. Akapiga tena, simu haikupokelewa. Salome alikuwa anasikia. Aliomba namba ya Chacha akanyimwa kwa kicheko. "Unataka kunivunjia heshima kwa watu wa machimbo?"

Walikuja asubuhi, Salome yuko uani anaosha vyombo. Gari lilisimama nje, Chacha akaingia na ndugu zake wawili, wakavua kofia. Hakuna aliyefoka. Macho ya Chacha yalikuwa mekundu, na Salome akajua kabla hajaambiwa.

"Shikamoo kaka," akasema.

"Marahaba, shemeji. Mwenyewe yupo?"

Enock alitokea mlangoni amevaa ile fulana.

"Mama ametuacha," Chacha akamwambia. "Alirudi nyumbani Tarime vizuri, Jumapili akalala, hakuamka. Tunasafiri sasa hivi kwenda kuzika. Nimezungukia huku kwanza kuchukua picha tuweke juu ya jeneza. Ile ya kitambulisho imefutika, sura haionekani, na hana nyingine. Maisha yake yote hana nyingine. Ndiyo maana nilikuita wewe."

Enock akafungua mdomo. Akaanza habari ya umeme, akaiacha. Akaanza habari ya kompyuta, akaiacha. Ndugu mmoja wa Chacha akasogea, siyo sana, hatua ya mtu anayetaka kusikia vizuri.

"Kaka Chacha," Enock akasema, na sauti ile kubwa ilikuwa imekwisha yote, "mimi mnanionea bure. Kamera ni ya mke wangu. Namba anaweka yeye, kusafisha anasafisha yeye. Kazi ni yake tangu mwanzo, ulizeni mtu yeyote. Mimi nambebea tu."

Wote wakageuka.

Salome alimtazama mumewe. Enock alikuwa ameinamisha kichwa, anaangalia ndala zake. Maneno aliyoyataka kwenye harusi, kwenye ubatizo, kitandani, mbele ya mama mkwe, ndiyo hayo yametoka, yote, hayakubakizwa. Angeweza kusema hajawahi kukanyaga Rwamgasa. Neno hilo lilikuwa la kweli, na ndugu wale wangelipokea. Akaukumbuka mchele, jinsi alivyokuwa anautoa mawe mojamoja, anasubiri wamjue.

"Kumbe mpiga picha ni wewe, mama?" Chacha akauliza.

"Ndiyo. Ni mimi."

"Basi nipe mama yangu," Chacha akasema, na akanyoosha mkono.

Salome alisimama mbele yake, mikono imejaa povu la sabuni, hana cha kumpa.