Betri ya Mayai

Umeme ulikatika saa moja na nusu asubuhi, Lukresia akiwa amepiga magoti anamimina maji ya uvuguvugu kwenye sinia la mashine ya kutotoleshea. Feni ikanyamaza. Taa nyekundu ikazimika. Siku nyingine angetukana. Leo alicheka.

"Kata tu," aliiambia soketi ya ukutani. "Leo ndiyo mwisho wa kunitesa."

Mumewe, Edson, aliingia na birika mkononi na chupa za plastiki kwapani. Kazi hiyo walishaizoea: kujaza chupa maji ya moto, kuziviringishia matambara, kuzipanga kandokando ya mayai, kisha kuifunika mashine kwa blanketi mbili. Julai ya kijiji cha Yakobi haina huruma. Nje, sakitu ilikuwa bado nyeupe juu ya majani.

Mle ndani mlikuwa na mayai mia mbili na kumi, siku yao ya ishirini, na karibu yote hayakuwa yake. Majirani humletea, naye huandika kwa penseli jina la mwenyewe juu ya kila yai. Mwezi Mei umeme ulikatika kutwa nzima na vifaranga vikafia ndani ya maganda. Idda, wa nyumba ya pili, alipoteza trei mbili, na tangu siku hiyo wakikutana bombani alikuwa akitazama pembeni. Safari hii ameleta tena trei moja. "Haya, jaribu," alisema, akaondoka. Trei hiyo moja ndiyo iliyomkosesha Lukresia usingizi.

Kwa wiki tano alikuwa akiandika kwenye daftari: mashine inakula wati ngapi, betri ya ukubwa gani itaishikilia kwa saa ngapi, waya upite wapi, swichi ikae wapi asiigonge mtu na ndoo. Amemuuza nguruwe. Hilario, mwenye duka la vifaa vya sola kule Makambako, ameiweka betri yake kwenye chaji siku mbili. Kilichobaki ni kwenda kuibeba.

"Mama Rejoice, usije ukasahau inveta," Edson alimwambia.

"Nisahau inveta? Si bora nisahau viatu!"

Saa mbili shemeji yake Odilo alipiga honi. Alikuwa anapeleka parachichi Makambako kwa kirikuu chake, kigari kidogo cha mizigo, na njia nzima Lukresia alimweleza habari za wati na ampea mpaka Odilo akaomba apumzike kidogo.

Dukani, Hilario aliunganisha inveta, kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, na betri, akachomeka balbu. Maduka ya mji mzima yalikuwa gizani, ila balbu ile iliwaka kama jicho. Lukresia alipiga makofi.

"Zima, iwashe tena," alisema. Hilario akazima, akawasha. "Tena!"

Tatizo lilikuja kwenye risiti. Mashine ya risiti ilikuwa imeishiwa chaji. Hilario aliibonyeza, akaipiga kiganjani, haikuitika. Akaandika risiti ya mkono, akagonga muhuri. "Umeme ukirudi nitakutolea ile yenyewe, nikutumie picha kwenye simu."

Kwenye kizuizi cha kutokea mjini, afisa ushuru kijana mwenye koti la baridi alikizunguka kirikuu, akaikuta betri.

"Kamwene, mama," alisalimu. "Risiti?"

Lukresia akampa. Aliitazama kama mtu aliyepewa noti iliyochanika.

"Hii ni karatasi, mama. Mimi nataka risiti ya mashine."

"Mashine yake haina chaji, kiongozi. Umeme umekatika tangu asubuhi, na wewe unajua."

"Mambo ya umeme siyo idara yangu. Mzigo unashuka."

Betri na inveta zikashushwa, zikapelekwa kwenye ofisi yao ndogo kando ya barabara. Juu ya betri wakabandika karatasi: KIMEZUILIWA. Kwenye benchi walikuwa wamekaa watu saba, kila mmoja na mzigo wake uliokamatwa. Mzee mmoja wa Mlangali, aliyejitambulisha kwa jina la Elieza, alisema maharage yake yapo pale tangu saa tatu.

"Wameshakubali sina kosa," alisema. "Ila barua ya kuniachia haiwezi kutoka. Printa haina umeme."

Lukresia alidhani anataniwa. Akaenda dirishani. Bosi wa pale, Marcelino, alikuwa amevaa glavu, amekaa mbele ya kompyuta nyeusi.

"Kwako ni jambo dogo, mama," alimwambia kwa upole kabisa. "Nakuachia kwa masharti, ulete risiti ya mashine baadaye. Lakini bila barua kutoka kwenye mfumo, mzigo hautoki. Tusubiri umeme."

"Unarudi saa ngapi?"

"Hapo hata mimi sijui. Labda jioni."

Simu ya Lukresia ikaita. Ni Edson. "Thelathini na nne. Joto limeshuka tena. Kuni ninazo, ila chupa zinapoa upesi. Uko wapi?"

"Nakuja."

"Unakuja kutoka wapi?"

Alikata simu. Thelathini na nne. Inatakiwa thelathini na saba na nusu. Aliitazama betri yake sakafuni, nzito, imejaa chaji pomoni, na karatasi kifuani. Aliitazama printa.

"Kiongozi," alisema, "shida yenu ni umeme tu?"

"Umeme tu."

"Basi upo. Huo hapo mmeukamata."

Benchi zima likacheka. Marcelino hakucheka. Aliitazama betri, akaitazama karatasi yake mwenyewe.

"Hicho ni kitu kilichozuiliwa, mama. Hakiruhusiwi kutumika."

"Sasa kitumike kujiachia chenyewe," mzee Elieza alisema. "Kwani kitakimbia?"

Mwishowe Marcelino aliinuka, akafunga mlango wa nje, akasema kwa sauti ya chini, "Unajua kuunganisha?"

Alijua! Alikuwa ameichora kwenye daftari mara kumi. Alikamata nyaya, nyekundu kwa chanya, nyeusi kwa hasi, akabana vibanio, akabonyeza swichi. Inveta ikalia *pii*. Akachomeka modemu, kompyuta, printa. Kioo kikawaka buluu, na watu saba wakashangilia kama timu yao imefunga bao.

Barua yake ilitoka ya kwanza, ingali na joto. Marcelino akaigonga muhuri.

"Na huyu mzee," Lukresia alisema.

Ya Elieza ikatoka. Kisha ya mama wa mbao, kisha wengine, kwa kuwa walikuwa wanamtazama na yeye hakuweza kuwakatalia. Kwenye inveta mstari mmoja kati ya minne ya chaji ulizimika. Barua ya mwisho ilipotoka, aliinama kuchomoa.

"Mama, subiri," Marcelino alisema. Alikuwa ameshachomeka simu yake. "Tuachie mpaka jioni. Kuna ripoti natakiwa kuituma mkoani. Dereva wako atakuja kuichukua, sisi siyo wezi."

"Nina mayai yanapoa, kiongozi."

"Mayai, mama! Mimi nakwambia kazi ya ofisi, wewe unaniambia mayai?"

Lukresia alichomoa. Kompyuta ikazimika na sentensi ya Marcelino katikati. Mzee Elieza alishika upande mmoja wa betri, Lukresia mwingine, wakaibeba mpaka kwenye kirikuu, Odilo akiwafuata na inveta.

Alifika Yakobi saa tisa na nusu. Moshi ulikuwa unafuka uani. Aliyeinama kwenye sufuria la maji, macho mekundu, hakuwa Edson, alikuwa Idda.

"Nimeona mumeo anahangaika tangu saa sita," Idda alisema, kama anayejitetea. "Leta hiyo betri basi."

Kipimajoto kilisoma thelathini na tatu. Kabla ya kuwasha, Lukresia alifunua blanketi, akachukua yai moja lenye jina la Idda, akaliweka sikioni. Kimya. Akachukua la pili. Akasikia mkwaruzo mwembamba, kisha mlio. Alimpa Idda asikilize mwenyewe. Idda alifunga macho, mkono umeziba mdomo.

Swichi ikabonyezwa. Feni ikaanza kuzunguka. Thelathini na tatu na nusu. Thelathini na nne.

Edson alikuwa akiisoma ile barua karibu na dirisha.

"Mama Rejoice, umeona huku chini? Wanakutaka ofisini kwao Alhamisi, saa mbili kamili asubuhi, na risiti. Usipofika ni faini."

"Alhamisi nina vifaranga," Lukresia alisema, macho kwenye kipimajoto. "Wakinihitaji waje huku. Huku kuna umeme."