Namba ya Maumivu ya Delmar

Kwa Delmar Skogen maumivu yote duniani yalikuwa na namba moja, nayo ni mbili. Alipong'olewa jino, mbili. Trekta lilipomponda kidole, mbili. Na muuguzi wa kliniki ya askari wa zamani alipompigia simu mwezi Septemba kumuuliza mgongo unamuuma kiasi gani, kuanzia sifuri hadi kumi, alijibu mbili, kisha akamuuliza yeye anaendeleaje.

Mkewe Verna alikuwa amesimama papo hapo, sufuria mkononi, na alitamani kumtandika nayo. Kliniki yao ilipata daktari siku mbili tu kwa juma, Jumanne na Alhamisi, na askari wote wa zamani wa upande ule wa jimbo la Montana, Marekani, walipangwa kwa hizo namba. Aliyesema nane alionwa juma hilohilo. Aliyesema mbili alipewa wiki kumi na moja.

"Wiki kumi na moja, Delmar!"

"Kuna vijana wamerudi hawana miguu. Niwapige kikumbo kwa ajili ya mgongo?"

"Wewe miguu unayo na bado unatambaa kwenda chooni."

"Nakagua sakafu."

Na usidhani ni Delmar peke yake. Wazee wote wanaokunywa kahawa Jumamosi kwenye ukumbi wa askari wa zamani walifundishwa jambo moja wakiwa na miaka kumi na tisa: aliyeumia zaidi abebwe kwanza. Hakuna aliyewaambia kwamba vita vimekwisha. Kwa hiyo wanajikaza kisabuni, kila mmoja anampisha mwenzake, na kiti cha mgonjwa mbele ya daktari anakikalia mtu mwenye mafua. Mficha maradhi, kilio humfichua, lakini nenda kawaambie hao uone watakavyokucheka.

Verna alipiga simu mwenyewe. Joleen, yule muuguzi, alimsikiliza kwa upole. "Mama, naandika anachosema mgonjwa. Cha mke siruhusiwi kuandika."

Juma la nane, Jumanne asubuhi, Verna alimkuta mumewe chini kwenye banda la gari. Uso ulikuwa wa kijivu, na jasho lilimtiririka ilhali vioo vya madirisha vimeganda barafu. Delmar akasema alikuwa anatafuta spana. Ambulensi aliikataa: iko moja tu wilaya nzima, waachiwe wanaoihitaji. Verna hakubishana naye, alimsukumia ndani ya pikapu na kuendesha hadi kliniki, akipita magari ambayo hajawahi kuyapita maishani mwake.

"Mzee Skogen," Joleen alisema kutoka mezani kwake, "sifuri hadi kumi?"

Delmar aliangaza macho ukumbini. Wazee wanne walikuwa wamekaa, kofia zao za vikosi kichwani, na wote aliwajua.

"Tatu," akasema, kama anayekiri kosa.

Kwa miaka hamsini na moja ya ndoa Verna hakuwahi kumkatiza mumewe mbele ya wanaume wenzake.

"Mwongo!" alipaza sauti. "Tangu Agosti hajalala kitandani. Analala kwenye kiti, anauma taulo ili nisimsikie. Namsikia! Kila siku namsikia, na najifanya nimelala ili asione haya. Basi, nimechoka."

Wazee wakatazama viatu vyao.

"Verna, nyamaza."

"Sinyamazi."

Joleen aliweka kalamu chini, akazunguka meza na kuchuchumaa mbele ya mzee. "Hebu niambie, mzee wangu. Kumi yako ni nini?"

"Kumi ni Teddy Birdwell," Delmar akasema hatimaye. "Aliungua vitani. Nilimshika toka asubuhi mpaka walipokuja kutuchukua. Yule ndiye kumi, binti. Huu wangu ni mgongo tu."

Jina hilo Verna hakuwahi kulisikia. Amezaa naye watoto wanne, amemfulia, amemzika mama yake, na muda wote huo Teddy alikuwa anaishi nao nyumba moja. Ilimuuma, kisha akajionea aibu kwa kuumia wakati kama ule.

"Teddy tumweke pembeni kwanza," Joleen alisema. "Wewe mwenyewe, peke yako. Ngapi?"

"Tisa," Delmar akanong'ona.

Daktari alimlaza, akamgusa tumbo, akasita. Chini ya kiganja chake kitu kilikuwa kinadunda mahali pasipotakiwa kudunda. Mshipa mkubwa wa damu umevimba, alisema, na umeanza kuvuja. Hospitali ya upasuaji iko mbali, ataruka na helikopta. Mshipa ukipasuka angani, hakuna la kufanya. Alimwambia Verna hivyohivyo, bila kumzungusha, na Verna alimshukuru.

Ndani ya helikopta hapakuwa na nafasi ya mke. Uwanjani nyuma ya kliniki Delmar alilala kwenye machela, uso ameugeuzia upande mwingine.

"Umeniaibisha mbele ya wenzangu," akasema.

Verna aliinama hadi sikioni pake, maana upepo wa mapanga ya helikopta ulikuwa mkali. "Ndiyo, nimekuaibisha. Rudi nyumbani unigombeze. Nitakaa nikusikilize mwaka mzima, sitajibu hata neno."

Delmar alikuwa ameshika mkono wa koti la mkewe, na ilibidi Joleen amfungue vidole kimoja kimoja ndipo wakaweza kufunga mlango.